SOMO: ALIYEPIGA MAGOTI KANDO YA PICHA

Soma kwanza: Isaya 56:3-5, Luka 18:9-14, Luka 21:1-4



Somo la safari hii limetokana na jambo lililotokea hapa kwetu Bariadi. Baada ya msimu wa pamba uliopita, mwumini mmoja wa Parishi yetu alitoa mabati yote ya kuezekea kanisa jipya. Tulimshukuru Mungu kwa ajili yake, na tunaendelea kumshukuru. Kazi ilipokwisha, mwumini huyo alileta ombi moja. Aliomba picha yake ikuzwe, iwekwe fremu, kisha itundikwe ndani ya kanisa upande wa mbele, ili watakaokuja baadaye wamjue aliyeezeka nyumba hiyo.

Halmashauri ya Parishi iligawanyika. Wengine walisema ni haki yake, kwa kuwa pasipo yeye tungali tunanyeshewa. Wengine walisema kanisa si ukumbi wa kutundikia picha za wakubwa. Maneno yakawa makali, kikao kikaahirishwa. Ndipo tulipoombwa, kwa kuwa tulifundisha historia miaka mingi na kufunza walimu chuoni, tuandae somo la kuwasaidia wanahalmashauri kutafakari kabla hawajakutana tena.

Katika somo hili tutatazama mambo matano: walioanza kuomba hivyo zamani, picha zao zinavyosema, ndugu zetu wa Afrika waliowatangulia, onyo la Kanisa letu, na mwisho sisi wenyewe.

1. OMBI HILI SI JIPYA

Miaka kama 600 iliyopita, katika nchi ya Flanders, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Ubelgiji, kulikuwa na miji iliyotajirika kwa nguo. Mji wa Ghent ulifuma sufu iliyotoka Uingereza. Mji wa Bruges ulikuwa soko la wafanya biashara wa mataifa mengi. Sisi tunaolima pamba tunaweza kuwaelewa watu hao vizuri, maana utajiri wao ulitoka katika nyuzi.

Matajiri wa miji hiyo walijenga vikanisa vidogo ndani ya makanisa makubwa, wakawaajiri wachoraji wapambe meza za ibada. Nao wakaomba jambo lile lile: "Utuchore na sisi." Mchoraji akawachora wakiwa wamepiga magoti, mikono imeunganishwa, wakimwomba Bwana au wakiwa mbele ya Mariamu aliyempakata Mtoto Yesu.

Kazi yenyewe ilihitaji uvumilivu. Walichukua mbao za mwaloni, wakazipaka chaki iliyosagwa na kuchanganywa na gundi ya ngozi, wakazisugua mpaka zikawa laini. Kisha walisaga rangi katika mafuta ya kitani. Hapa Bariadi tunayajua mafuta ya mbegu za pamba: ukiyapaka juu ya ubao yatanata siku nyingi. Mafuta ya kitani siyo hivyo. Yakipata hewa hukauka yakawa utando mgumu, unaong'aa. Kwa hiyo mchoraji aliweza kuweka tabaka nyembamba juu ya tabaka, na mwanga ukapenya ndani yake. Ndiyo sababu katika picha zile twaona kunyanzi la uso, uzi wa vazi, na machozi shavuni, kana kwamba mtu mwenyewe yupo.

2. PICHA NNE NA MAFUNZO YAKE

(a) Mlango wa Ghent, 1432. Katika kanisa kuu la Mtakatifu Bavo mjini Ghent ipo picha kubwa yenye milango, iliyoanzwa na Hubert van Eyck na kumalizwa na ndugu yake Jan mwaka 1432. Aliyeilipia ni Joos Vijd pamoja na mkewe Elisabeth Borluut. Wote wawili wamechorwa wakiwa wamepiga magoti. Mchoraji hakumpendelea mzee: upara wake umo, na vigwaru vya usoni vimo.

Basi tuangalie walipowekwa. Wamechorwa upande wa nje wa milango ile. Milango ikifungwa, siku za kawaida, watu waliwaona Joos na Elisabeth. Siku ya sikukuu milango ilipofunguliwa, wao walifichika, na ndani alionekana Mwana-Kondoo juu ya madhabahu, na makundi ya watu kutoka pande zote wakija kumwabudu. Mtoaji yumo katika kazi hiyo, lakini Bwana anapodhihirishwa, mtoaji hupisha. Hilo ndilo funzo kubwa la picha hiyo.

Jambo jingine: Joos na Elisabeth hawakuwa na mtoto. Tulishike hilo, tutalirudia.

(b) Mzee mwenye miwani, 1436. Jan van Eyck alimchora pia kasisi mmoja wa Bruges, kanoni Joris van der Paele. Kasisi huyo alikuwa mzee na mgonjwa, na picha haifichi: uso umevimba, shingo imelegea. Ameshika kitabu cha sala na miwani yake mkononi. Kando yake amesimama Mtakatifu George, ameinua kofia yake ya chuma kama mtu anayesema, "Bwana, namleta huyu." Mariamu yuko mbele yake na Mtoto, lakini mzee hamkazii macho. Ni kana kwamba amekwisha soma sala, amevua miwani, na sasa anaona kwa moyo. Sisi tulio na umri wa kuvaa miwani twaipenda sana picha hiyo. Funzo lake ni kwamba hakuna ajaye mbele za Mungu kwa kujileta mwenyewe tu. Yupo aliyemshika mkono.

(c) Mkubwa asiye na mwombezi. Karibu na mwaka 1435 Jan van Eyck alimchora Nicolas Rolin, kansela wa Mtawala wa Burgundy. Picha hiyo sasa iko Paris, katika jumba la Louvre. Rolin amepiga magoti ana kwa ana na Mariamu, ukubwa sawasawa naye, wala hakuna mtakatifu wa kumtambulisha. Vazi lake ni la thamani kubwa. Lakini tazama juu ya kichwa chake, kwenye nguzo: zimechongwa habari za Adamu na Hawa wakifukuzwa bustanini, Kaini akimwua Habili, na Nuhu akiwa amelewa. Mchoraji amemkumbusha mkubwa huyo asili yake na yetu sote.

Tena wataalamu walioichunguza picha hiyo kwa mitambo ya kuona chini ya rangi walikuta ya kwamba hapo mwanzo mfuko wa fedha ulichorwa ukining'inia kiunoni mwa Rolin. Katika picha iliyokamilika mfuko haupo. Hatutasema ni nani aliyeamua uondolewe. Twasema tu kwamba ulifaa kuondolewa. Mtu akienda kusali, mfuko hauna la kusema.

Wala tusimhukumu upesi. Rolin huyo na mkewe Guigone de Salins walianzisha hospitali ya maskini mjini Beaune, Ufaransa, mwaka 1443, na wagonjwa walihudumiwa humo kwa zaidi ya miaka 500. Mtu mmoja anaweza kuwa na majivuno na huruma pamoja. Kila mmoja wetu ajitazame.

(d) Kijana na kioo, 1487. Hans Memling alimchora kijana wa Bruges aitwaye Maarten van Nieuwenhove, mwenye miaka 23. Hii ni picha pacha: mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, hufunguliwa na kufungwa kama kitabu. Upande mmoja yuko Mariamu na Mtoto, upande wa pili kijana anasali. Nyuma ya Mariamu kimetundikwa kioo kidogo cha mviringo. Ukikitazama sana utawaona ndani yake wote wawili, Mariamu na Maarten, wako chumba kimoja. Mbao ni mbili, lakini chumba ni kimoja. Kijana huyo alitaka kukumbuka kila asubuhi kwamba Bwana hayuko mbali naye ng'ambo ya ukuta, bali yumo nyumbani mwake.

3. AFRIKA ILITANGULIA

Msomaji asidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Huko Faras, katika nchi ya Wanubi kando ya mto Nile, palikuwa na kanisa kuu ambalo kuta zake zilijaa picha. Kati ya mwaka 1961 na 1964 wataalamu kutoka Poland walilifukua kutoka mchangani, kabla maji ya bwawa la Aswan hayajafunika mahali pale. Picha nyingine zilipelekwa Khartoum, nyingine Warsaw.

Mojawapo ni picha ya Petros, askofu wa Faras tangu mwaka 974. Askofu amesimama, uso wake umechorwa mweusi wa Kiafrika, na nyuma yake Mtume Petro ameweka mikono juu ya mabega yake. Hiyo ni zaidi ya miaka 400 kabla ya ile milango ya Ghent. Mwafrika alikuwa amekwisha chorwa mbele za Mungu, na mkono wa mtume ukiwa begani mwake.

Vivyo hivyo Ethiopia. Wakati Jan van Eyck akichora Bruges, mfalme Zara Yaqob alikuwa ameanza kutawala huko (1434 hadi 1468), na siku za utawala wake mchoraji Fre Seyon alichora picha za Mariamu na Mtoto. Baadaye, katika karne ya 18, Malkia Mentewab alijenga kanisa la Narga Selassie kwenye kisiwa cha Dek, katika ziwa Tana. Malkia huyo alikuwa na nguvu kuliko wengi wa zama zake. Katika picha ya ukutani humo amechorwa chini ya miguu ya Mariamu na Mtoto. Wala hakupiga magoti tu: amelala kifudifudi chini, na mavazi yake yote ya kimalkia.

Wasukuma tunalielewa tendo hilo bila kufundishwa. Mtoto akimsalimu babu yake hupiga goti. Hapigi goti ili aonekane. Hupiga goti kwa sababu ya yule aliye mbele yake.

Karibu zaidi na sisi, mwaka 1959, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alichora picha tano katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Alichora kuzaliwa kwa Bwana, kubatizwa, Karamu ya Mwisho, Gethsemane, na kusulibiwa. Bwana na watu wake ni Waafrika, na nchi inayoonekana ni ya vilima vya Kenya. Hapo hakuna tajiri aliyechorwa pembeni kwa sababu alilipa. Ni watu wa nchi ile wote walioingizwa katika habari ya wokovu. Njia hiyo nayo tuifikirie.

4. ONYO LA KANISA LETU

Sisi Waanglikana tunayo sababu ya kwenda polepole. Watoaji wa Flanders walitaka pia misa ziombwe kwa ajili ya roho zao baada ya kufa, wakitumaini kupunguziwa toharani. Kanuni ya 22 katika zile Kanuni 39 za Kanisa letu inakataa mafundisho ya toharani, na kadhalika inakataa kuabudu sanamu. Wokovu haununuliwi kwa picha, wala kwa mabati.

Lakini historia yatuonya upande wa pili pia. Mwaka 1566 makundi ya watu yaliingia makanisani katika nchi zile na kuvunja picha na sanamu. Picha ya Ghent ilinusurika kwa sababu ilifichwa ndani ya mnara wa kanisa. Waliovunja walidhani wanaondoa majivuno. Kumbe majivuno hayakai ukutani tu. Mtu anaweza kuvunja picha ya mwenzake kwa majivuno makubwa kuliko ya yule aliyechorwa. Yule Farisayo wa Luka 18 hakuwa na picha yoyote hekaluni. Picha yake aliibeba moyoni, akajisomea mwenyewe mbele za Mungu.

5. SISI WENYEWE

Kabla ya kuandika somo hili tulikwenda kumwona ndugu yetu aliyetoa mabati. Tulikwenda na hoja zetu zimepangwa kama andalio la somo. Alitukaribisha, akatuwekea kiti chini ya mwembe, akatusikiliza. Kisha akasema maneno haya, naye ametupa ruhusa kuyaandika bila kutaja jina lake: "Mwalimu, mwanangu wa pekee nilimzika. Mimi nikiondoka, nani atasema kwamba niliishi?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumedhani twakwenda kumkemea Farisayo, tukamkuta Joos Vijd.

Tukafungua pamoja Isaya 56. Hapo Bwana anawaahidi wasio na watoto ya kwamba atawapa, ndani ya nyumba yake na kuta zake, ukumbusho na jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Tuliusoma mlango huo mara nyingi katika maisha yetu, lakini siku hiyo tuliusikia upya. Kutaka kukumbukwa si dhambi. Mungu mwenyewe ameahidi kumkumbuka mtu. Swali ni hili: mtu akumbukwe akitazama wapi?

Leo kila mmoja ana simu ya kupiga picha. Siku ya kipaimara twaona vijana wakijipiga picha mbele ya Meza ya Bwana. Ili uso utoke vizuri, hawana budi kuipa Meza mgongo. Wale wa zamani hawakufanya hivyo. Walikubali kuonekana uso ukiwa umegeukia pembeni, kwa sababu walikuwa wamemgeukia Bwana.

Yatupasa nasi tukiri kosa letu. Miaka mingi iliyopita, katika shule mojawapo tuliyoiongoza, wazazi walijenga darasa kwa nguvu zao. Saruji ya kizingiti ilipokuwa mbichi, tulichukua msumari tukaandika jina letu na mwaka. Hatukuandika jina la fundi, wala la mzazi hata mmoja. Siku moja tulipita pale tena baada ya kustaafu. Ufa ulikuwa umekata jina letu katikati, na watoto wamekaa juu yake wakila matobolwa. Mmoja akatuuliza, "Babu, hili ni jina la nani?" Tukamjibu, "La mwalimu mmoja wa zamani," tukaenda zetu.

Tena yupo mama mmoja mjane wa Parishi hii. Wakati msingi wa kanisa unajengwa alichota maji lamboni, ndoo kwa ndoo, kila siku ya kazi, mpaka zege lilipokwisha. Hakuna aliyempiga picha. Bwana alimwona, kama alivyomwona yule wa Luka 21 na senti zake mbili. Ikiwa jina la mabati litaandikwa na jina la maji lisiandikwe, tutakuwa tumehesabu vibaya.

Uamuzi ni wa Halmashauri, wala hatutaki kuwanyang'anya wajibu wao. Ila tukiulizwa, tungesema hivi. Picha isiwekwe mbele, mahali ambapo macho ya watu yanamtafuta Bwana. Wala ndugu yetu asirudishwe mikono mitupu. Uchongwe ubao mmoja, yaandikwe majina ya wote waliotoa mali na wote waliotoa nguvu, kwa mfuatano wa herufi, pasipo kutaja kiasi. Ubao huo upigiliwe kwenye bawa la mlango mkubwa, upande wa nje. Katikati ya juma apitaye njiani atayasoma. Jumapili mlango utakapofunguliwa na kuegemezwa ukutani, majina yatafichika, na mtu aingiaye ataiona Meza ya Bwana.

Tulipomweleza ndugu yetu wazo hilo, alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Huyo mama wa maji anaitwaje hasa? Sisi tumezoea kumwita kwa jina la mwanawe." Tukaona haya, maana hata sisi hatukulijua jina lake la ubatizo. Tumekwisha kwenda kumwuliza.

MASWALI YA KUJADILI (yafaa kwa Umoja wa Mama, vijana, na vikundi vya nyumbani)

1. Katika picha ya Ghent, watoaji hufichika milango inapofunguliwa. Je, ni huduma gani katika Parishi yetu inayotupasa "kufichika" ili Bwana aonekane?

2. Soma Luka 18:9-14. Wote wawili walikwenda kusali hekaluni. Kila mmoja alisimamaje, na alikuwa akitazama wapi moyoni?

3. Mtakatifu George anamleta kanoni mzee mbele, na Mtume Petro anamshika askofu mabega. Ni nani aliyekuleta wewe kwa Kristo? Umewahi kumshukuru?

4. Soma Isaya 56:3-5. Katika mtaa wako ni nani anayeogopa kusahauliwa? Kikundi chenu kitafanya nini juma hili?

5. Taja mtu mmoja aliyefanya kazi katika ujenzi wa kanisa ambaye jina lake kamili hulijui. Nenda ukamwulize.

SALA

Ee Bwana, unayemjua kila mtu kwa jina lake, utufundishe kutoa bila kujivuna, na kushukuru bila kusahau. Uwafariji wasio na wa kuwakumbuka, na utugeuzie nyuso zetu kwako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.